Laiti, Lau na Ningalijua

Leo nimekuja na neno dogo ambalo pengine umekwisha kulitamka hata kabla ya chai ya asubuhi: laiti. Laiti ningaliamka mapema. Laiti nisingalimjibu vile. Neno hili nitaliketisha pamoja na ndugu zake, lau na kama, na pamoja na viambishi tunavyovipachika katikati ya kitenzi, -nge- na -ngali-. Kwa vyombo hivi Kiswahili hutuwezesha kusema juu ya mambo ambayo hayapo, au hayakutokea kabisa. Nami naamini tunavitumia mno kwa kulia na kwa kulaumiana, na kidogo sana kwa kazi yake kubwa, ambayo ni kupima.

Nianzie gereji. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda pikapu ya shemeji yangu kutoka Muheza kwenda Tanga mjini. Tulipofika Pongwe, gari likaanza kumisi. Linavuta, linakata, linavuta, linakata, mpaka tukajikokota hadi kwa fundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini. Fundi hakufungua kitu. Aliliacha gari linaunguruma, akachukua kitambaa kikavu, akashika kofia ya waya wa plagi ya kwanza, akaichomoa. Mlio ukaporomoka, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, nusura lizime. Akaurudisha waya. Akachomoa wa pili, mambo yakawa yaleyale. Akachomoa wa tatu, na mlio haukubadilika hata kidogo. Alijaribu na wa nne kwa uhakika, kisha akarudi kwenye plagi ya tatu, akaigonga kwa bisibisi na kusema: "Huyu hapa. Nikimtoa, hakuna anayemkumbuka."

Tangu siku ile nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi. Fundi alitaka kujua kila plagi inafanya kazi gani, na njia yake ilikuwa kuiondoa, kisha kulisikiliza gari bila hiyo. Kazi ileile ndiyo inayofanywa na -ngali-. Ninaposema, "Kama isingalinyesha, mahindi yangalikauka," nimechomoa mvua na kulisikiliza shamba. Tofauti ni kwamba fundi aliurudisha waya wake. Mambo ya jana hatuwezi kuyachomoa kwa mkono, tunayachomoa kwa ulimi. Ndiyo maana ulimi wenyewe unatakiwa uwe makini.

Sasa tuingie kwenye sarufi, na usiniache njiani, maana utamu uko hapa. Chukua sentensi tatu. Ya kwanza: Nikipata nauli, nitakwenda Tanga. Mlango huu uko wazi. Nauli inaweza kupatikana au isipatikane, na lolote halijawa. Ya pili: Ningepata nauli, ningekwenda Tanga. Mfukoni hamna kitu sasa hivi, lakini jua halijatua. Akitokea mwenye huruma akanikopesha, basi la jioni bado lipo. Mlango umerudishwa tu, haukutiwa komeo. Ya tatu: Ningalipata nauli, ningalikwenda Tanga. Basi limekwisha kuondoka, harusi imeliwa, sahani zimeoshwa. Mlango huo umefungwa, na hakuna wa kuufungua.

Edward Steere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu huko Zanzibar, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliwakuta watu wanavitumia viambishi hivi, naye akavitenganisha hivyo: kimoja cha sasa, kimoja cha wakati uliopita. Leo wengi wetu tunatumia -nge- kwa yote mawili, au tunazunguka kidogo tukisema angekuwa amefika. Wengine husema -ngeli- mahali pa -ngali-, na hilo halina ubaya, ni maji ya kisima kimoja. Sisemi kwamba mtu akisema "ningejua nisingekuja" amevunja lugha. Nasema kwamba tukiiacha -ngali- ife, tutakuwa tumeling'oa komeo, na mlango uliorudishwa hautatofautiana tena na uliofungwa.

Fikiria umepigiwa simu usiku kutoka kijijini. Mtandao unakatakata, umenasa sentensi moja tu. Ukisikia, "Mzee angepelekwa hospitali, angepona," unaruka kitandani, unamgongea jirani mwenye gari, unatafuta fedha. Ukisikia, "Mzee angalipelekwa hospitali, angalipona," unakaa kitako pale pale ulipo. Umefiwa. Kati ya sentensi hizo mbili kilichobadilika ni kiambishi tu, na kiambishi hicho ndicho kilichokwambia kama uvae viatu au uite watu wa nyumbani uwape habari.

Mambo mawili ya matumizi, kisha niendelee. Sarufi ya shuleni inataka pande mbili za sentensi zifanane: ukianza na -ngali- malizia na -ngali-, ukianza na -nge- malizia na -nge-. Ni kanuni nzuri kwa anayejifunza. Pili, katika kukanusha, usimsute Mkenya anayesema hangekuja, wala Mtanzania anayesema asingekuja. Njia zote mbili ni za Kiswahili, na wote wawili wamesema jambo moja.

Kuna na ajabu nyingine. Umbo hilihili la -ngali tunalitumia kusema kwamba jambo bado lipo. Mama angali jikoni. Watoto wangali wadogo. Tungali hai. Lile lililokosekana na lile linaloendelea yamevaa kanzu moja. Aliyewahi kufiwa hahitaji kufafanuliwa kwa nini.

Na maneno yanayotangulia kitenzi nayo hayalingani. Laiti na lau yote yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja lina tabia yake. Laiti limebeba majuto na matamanio. Unaweza kusema, "Laiti ningalisoma." Huwezi kusema, "Laiti ningaliugua," ila uwe na sababu ya ajabu ya kuutamani ugonjwa. Lau halina machozi hayo. "Lau ningaliugua, nani angaliniuguza?" Hiyo ni sentensi ya mtu anayefikiri. Kama ni la kila siku, linafaa kote. Na kuna kama si, ambalo ndilo kisu chenyewe cha kuchomolea: kama si wewe, kama si mvua, kama si reli.

Halafu kuna -nge- ya adabu. Mgeni akisema, "Ningeomba maji ya kunywa," hakusema kwamba haombi. Ameurudisha mlango ili mwenyeji asijione amelazimishwa. Ni uungwana mzuri, na tuudumishe. Ila jukwaani tumeuzidisha. Mtu anapanda, anasema, "Ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru," kisha anaendelea na mengine, na shukrani yenyewe haikutoka. Ukitaka kushukuru, sema nawashukuru. Shukrani ni mlango wa kuachwa wazi.

Sasa turudi kwenye kupima. Nina kisa kimoja ambacho wapenzi wa riadha nchini Tanzania wamekibeba kwa karibu nusu karne. Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi aliingia kwenye mbio za mita 1500. Alishika uongozi mapema na hakuuachia. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuja John Walker wa New Zealand, ambaye naye muda wake ulikuwa bora kuliko rekodi ya zamani, na wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Dunia nzima ikangoja wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, New Zealand haikuzuiwa kushiriki Olimpiki, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500.

Tangu hapo tunasema: laiti tungalikwenda Montreal, Bayi angaliileta dhahabu. Nami nimelisema. Lakini tufanye kama fundi. Tumechomoa waya mmoja, ule wa kususia. Je, gari lingaliunguruma vipi? Tusisahau kwamba Mei 1975 Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya maili moja, na Agosti mwaka uleule Walker akaivunja hiyo ya Bayi, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Tusisahau pia kwamba muda mfupi kabla ya michezo ya Montreal Bayi alikuwa ameugua malaria. Ukiondoa uamuzi wa serikali, malaria haiondoki, wala Walker hapungui kasi. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba Bayi angalishindana, na dunia ingaliona mbio ambazo haikuziona. Kwamba angalishinda, hapo naingiza moyo wangu mahali pa ushahidi. Bayi mwenyewe hakuikalia laiti hiyo. Mwaka 1980 alikwenda Moscow, akaingia mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akarudi na medali ya fedha.

Unaona, msikilizaji, angalishindana na angalishinda ni maneno mawili tofauti kabisa. Nusu ya ugomvi wetu wa barazani unatokana na kulidai la pili huku ushahidi tulio nao unatufikisha kwenye la kwanza.

Mahakama zimelijua jambo hili zamani. Katika kesi za uzembe, sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza huuliza swali la kama si: kama si kosa la huyu, je, madhara yale yangalitokea? Kesi moja mashuhuri ilihusu walinzi watatu wa usiku, London, asubuhi ya tarehe 1 Januari 1966. Walikunywa chai, wakaanza kutapika mfululizo, wakaenda hospitali. Muuguzi alimpigia simu daktari wa zamu. Daktari hakuja kuwaona, aliagiza warudi nyumbani wakalale na kuwaita madaktari wao wenyewe. Saa chache baadaye mmoja wao akafa. Chai ilikuwa na sumu ya arseniki. Mjane alishtaki. Jaji alikubali kwamba daktari alikosea, alipaswa kumtazama mgonjwa. Kisha akauliza lile swali: kama angalimtazama, mgonjwa angalipona? Ushahidi ulionyesha kwamba mpaka ugonjwa ujulikane na dawa ya kuikata sumu ipatikane, muda ungalikuwa umekwisha. Mjane akashindwa kesi.

Hukumu ile inauma kuisikia, nami huwa namfikiria mjane huyo. Lakini inafundisha jambo ambalo sisi msibani huwa tunalichanganya: kosa ni kitu kimoja, na chanzo ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa amekosa na bado asiwe yeye aliyeua. Ni mara ngapi baada ya mazishi familia imegawanyika kwa sentensi ya namna hii: "Kama shangazi angalitoa gari, mtoto asingalikufa"? Shangazi anaibeba hukumu hiyo hadi kaburini kwake, na hakuna hata mmoja aliyekaa na kuuliza gari lingalifika hospitali saa ngapi, na hospitali yenyewe ilikuwa na damu ya kumwongeza mtoto au haikuwa nayo. Kama alikosa kwa kukataa, aambiwe amekosa. Kumwambia ameua ni jambo jingine, na linahitaji ushahidi wake.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa kujisifu. Sote tumesikia, "Kama si mimi, usingalisoma." Anayesema hivyo huenda anasema kweli tupu. Alilipa ada ya mwaka wa mwisho, na bila ada ile mtoto angalirudi nyumbani. Lakini tazama mafiga matatu yaliyoshika chungu. Toa figa lolote, chungu kinaanguka. Kwa hiyo kila figa lina haki ya kusema, "Kama si mimi, ugali usingaliiva," na yote matatu yanasema kweli kwa wakati mmoja. Wazee walikwisha kulimaliza jambo hili waliposema mafiga mawili hayaivishi chungu. Kama si inakuonyesha kwamba ulihitajika. Haikuonyeshi kwamba ulitosha. Mama aliyeamka alfajiri kila siku kumpikia uji mtoto huyo, na mwalimu aliyembakisha jioni kumfundisha hesabu, nao ni mafiga, ingawa hawajawahi kusimama kwenye sherehe kudai.

Tuvuke sasa kwenye historia. Mwaka 1964 mwanahistoria wa uchumi wa Marekani, Robert Fogel, alitoa kitabu kilichowaudhi wengi. Wamarekani walikuwa wamezoea kusema kwamba kama si reli, nchi yao isingalitajirika. Fogel akachomoa waya. Aliichukua Marekani ya mwaka 1890, akaiondolea reli kwenye karatasi, akaibakishia mito, mifereji na magari ya kukokotwa na farasi. Tena akaiongezea mifereji mipya ambayo watu wangaliweza kuichimba kama reli isingalikuwapo. Kisha akapiga hesabu ya gharama za kusafirisha mazao. Hasara aliyoipata haikufika asilimia 5 ya pato la taifa la mwaka ule. Watu walimpinga, na bado wapo wanaompinga, lakini baada yake mwanahistoria hakuweza tena kusema kama si bila kuulizwa hesabu zake. Mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Douglass North.

Sasa lilete swali hilohilo kwetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1899 ikafika mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa maji yake ya baridi, Enkare Nairobi, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, ukingoni mwa ziwa. Iondoe. Ni nini kingalijaza nafasi yake? Hakuna mto wa kupitisha meli kutoka Mombasa hadi ziwani. Wanyama wa mizigo walikuwa wakifa njiani kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mpagazi na miguu yake. Nairobi yenyewe ilizaliwa ikiwa kituo na ghala la reli. Bila reli kupita pale, sioni sababu ya mji mkubwa kusimama kwenye uwanda ule wenye kinamasi. Swali ni moja, Marekani na kwetu, lakini majibu ni mawili, kwa kuwa kilichobaki baada ya kuchomoa hakilingani. Anayesema kama si bila kutazama ni nini kingalijaza pengo, amefanya nusu ya kazi.

Hata lugha hii ninayozungumza nawe ina kama si yake. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakaamua Kiunguja, na si Kimvita cha hapo hapo Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi ya kusanifisha vitabu. Kama wangalikichagua Kimvita, watoto wa shule wangaliandika ndia mahali pa njia, mtele mahali pa mchele, kitwa mahali pa kichwa, na mato mahali pa macho. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, ambayo mwanafunzi wa leo huyasoma na kamusi mkononi, yangalimjia kama barua kutoka nyumbani. Hayo naweza kuyasema kwa uhakika. Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakisema bila uamuzi ule Kiswahili kisingalienea bara. Hapo nawaomba wasimame. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiswahili Tabora na Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kabla ya kamati yoyote kuketi. Uamuzi wa 1928 ulibadilisha vitabu. Safari ya lugha ilikuwa imeanza zamani.

Nakuja sasa kwenye sehemu ngumu, sehemu ya moyo. Wazee wengi wa pwani hawapendi kulisikia neno lau mbele ya jeneza, nao wana hoja. Kuna hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Imamu Muslim, inayomfundisha muumini kwamba likimfika la kumfika asiseme lau ningalifanya hivi au vile, bali akubali alichokadiria Mwenyezi Mungu, kwa maana lau hiyo humfungulia shetani njia. Na wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Martha, aliyemwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo, kaka yake Lazaro asingalikufa. Biblia ya Kiswahili ya Union imemtia Martha -ngali- kinywani, na kila aliyefiwa akiisoma aya ile anaijua sauti hiyo, kwa sababu aliitoa yeye mwenyewe.

Hata nje ya dini jambo hili limechunguzwa. Watafiti watatu wa Marekani walizitazama picha za televisheni za Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wakapima furaha kwenye nyuso za washindi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1995 yalionyesha kwamba waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Mwenye fedha anatazama juu: laiti ningaliongeza kasi kidogo. Mwenye shaba anatazama chini: kama nisingalijikaza, ningalikosa hata hii. Medali ya chini imeleta furaha kubwa zaidi kwa sababu ya upande ambao kila mmoja ameigeuzia ngali yake.

Je, basi tuinyamazishe -ngali- kabisa? Hapana. Ninavyoelewa mimi, kinachokatazwa ni kugombana na kadari, kukaa mlangoni palipofungwa na kuupiga ngumi usiku kucha. Kujifunza hakukukatazwa. Mvuvi aliyerudi salama baada ya chombo kujaa maji akisema, "Ningalizitazama mbao kabla ya kushua, maji yasingaliingia," na kesho yake akazitazama, hajamfungulia shetani chochote. Amemfungia. Lakini akikaa ufukweni mwaka mzima anaiimba sentensi hiyohiyo huku chombo kinaoza juani, hapo wazee wana haki ya kumwambia anyamaze. Majuto ni mjukuu, na mjukuu hulelewa, akatumwa dukani, akawa na faida nyumbani.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa walimu: mfundishapo -nge- na -ngali-, msiziache ziwe jedwali la mtihani tu. Wapeni watoto milango mitatu, na muwape ile simu ya usiku. Wenzangu watangazaji, tunaposoma habari ya ajali au ya mafuriko, tuchague kiambishi kwa uangalifu. "Wangeokolewa" na "wangaliokolewa" si habari moja, na msikilizaji mwenye ndugu yake huko anaisikia tofauti hiyo kwa mwili mzima.

Na kwako wewe, msikilizaji wangu: utakaposema laiti, nayo hutachelewa kuisema, chomoa waya mmoja tu. Sikiliza mlio. Tazama ni nini kingalijaza pengo. Ukiona mlio haukubadilika, umsamehe uliyekuwa unamlaumu, na kama unayemlaumu ni wewe mwenyewe, ujisamehe. Ukiona umebadilika, basi umekijua chanzo, kakirekebishe leo.

Pikapu ya shemeji ilibadilishwa plagi moja chini ya mwarobaini ule, ikatufikisha Tanga kabla ya magharibi.